Sura ya Saba: Kompyuta, Kigeuzi na Amplifaya ya Zamani

Muziki mwingi wa majumbani mwetu sasa umo ndani ya kompyuta. Umetolewa kwenye CD, umeshushwa mtandaoni, umeletwa kwa flashi na rafiki, kisha unasikilizwa kupitia vispika viwili vilivyobanwa chini ya kibodi, visivyo na uwezo wa kutoa besi ya maana. Na mara nyingi, hatua chache tu kutoka hapo, kwenye kabati la sebuleni, kuna amplifaya ya Pioneer, Technics au Sansui ya miaka ya 1970 au 1980 pamoja na spika zake za mbao. Wasio na amplifaya wana sabufa. Sura hii inaeleza namna ya kuunganisha kompyuta na vyombo hivyo ili sauti itoke safi, na inakieleza kile kijiboksi kinachokaa katikati yao. Msimamo wangu nautoa mapema: kijiboksi hicho hakihitaji kuwa cha bei kubwa, na fedha nyingi ambayo watu hutumia juu yake ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye spika.

Faili la muziki ni mfululizo wa namba. CD, kwa vipimo vilivyowekwa na Sony na Philips kabla haijaingia sokoni Japani mwezi Oktoba 1982, hupima sauti mara 44,100 kila sekunde kwa upande wa kushoto, na mara hizo hizo kwa upande wa kulia. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, maana yake kinaangukia kwenye mojawapo ya ngazi 65,536. Ukizidisha yote hayo unapata biti milioni 1.4 kwa sekunde. Spika haina habari na namba. Spika ni koni ya karatasi au plastiki inayosukumwa mbele na nyuma na umeme unaopanda na kushuka. Kwa hiyo, mahali fulani njiani, lazima namba zigeuzwe kuwa umeme unaofuata umbo la sauti iliyorekodiwa. Kifaa cha kazi hiyo nakiita kigeuzi. Dukani, kwenye boksi lake, utakuta kimeandikwa DAC.

Kila kompyuta inakuja na kigeuzi chake ndani. Ndicho kinacholisha tundu la hedifoni. Kwa nini basi mtu anunue kingine cha nje? Sababu kubwa ni jirani zake. Kigeuzi cha ndani kimekaa kwenye bodi moja na prosesa, feni, redio ya Wi-Fi na saketi za umeme zinazowaka na kuzima mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Namba hazidhuriki na vurugu hiyo, kwa sababu sifuri inabaki sifuri na moja inabaki moja. Lakini zikishageuzwa kuwa umeme laini wa sauti, kila kelele ya jirani inaweza kuingia ndani yake, na amplifaya haichagui: inakuza muziki na inakuza kelele.

Ipo njia ya kujua kama kompyuta yako ina ugonjwa huo kabla hujatoa hata shilingi. Chukua waya wenye pini ya hedifoni upande mmoja na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili. Unganisha kompyuta na amplifaya. Usicheze wimbo wowote. Pandisha sauti ya amplifaya taratibu hadi zaidi ya kiwango unachosikilizia kila siku, kisha sogeza sikio karibu na spika ndogo ya juu. Sogeza mausi, fungua ukurasa wa intaneti, nakili faili kubwa. Ukisikia mikwaruzo midogo inayokwenda sambamba na kila unachokifanya kwenye skrini, hiyo ni bodi ya kompyuta inayozungumza, na kigeuzi cha nje kitakusaidia sana. Ukisikia kimya, au mnong'ono mwembamba usiobadilika, kigeuzi chako cha ndani ni kizima. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni ziko hivyo, na mwenye kompyuta ya aina hiyo hana haja ya kununua chochote. Wauzaji hawatakuambia hivyo, lakini ni kweli. Shusha sauti kabla hujachomoa waya.

Kigeuzi cha nje hupokea namba kupitia waya wa USB na kufanya kazi ya ugeuzaji nje ya kompyuta, mbali na zile vurugu. Vile vya mwanzo vya USB vilikuwa na udhaifu mmoja: vilifuata mwendo wa kompyuta. Vipimo 44,100 kwa sekunde vinatakiwa vitoke kwa nafasi sawa kabisa, na kompyuta yenye shughuli nyingi si mtunza saa mzuri. Mhandisi Mmarekani Gordon Rankin, wa kampuni ya Wavelength Audio, ni miongoni mwa waliosukuma mbele njia nyingine, ambayo kigeuzi kinatumia saa yake yenyewe ya kristali na kuiambia kompyuta lini ilete mzigo na lini isubiri. Programu yake ilitumika kwenye DragonFly ya AudioQuest, kigeuzi kidogo kama flashi kilichotoka mwaka 2012, na siku hizi utaratibu huo ni wa kawaida hata kwenye vigeuzi vya bei nafuu. Suala la saa, lililowahi kujaza kurasa za majarida ya muziki, limekwisha kwa msikilizaji wa kawaida.

Bei nayo imeshuka kwa kiasi ambacho wengi hawajakitambua. Apple ilipoondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, ililazimika kutengeneza kiunganishi chenye kigeuzi ndani yake, na kile cha USB-C kiliuzwa Marekani kwa dola 9. Kinaonekana kama kipande cha waya tu, lakini ndani ya plastiki ile nyembamba mna kigeuzi kamili cha biti 24. Kikichomekwa kwenye kompyuta, kinatoa takriban volti moja, ambayo inatosha kulisha amplifaya yoyote ya nyumbani. Juu yake kidogo kwa bei kuna vijiboksi vya FiiO, Topping na SMSL kutoka China, vyenye matundu ya RCA nyuma na utulivu ambao miaka ya 1990 ulipatikana kwenye vifaa vya studio tu. Baada ya hapo unalipia sura, uzito wa bati na jina.

Sasa kuunganisha. Waya wa USB unatoka kompyuta kwenda kigeuzi. Waya wa RCA, ule wa nyekundu na nyeupe, unatoka kigeuzi kwenda amplifaya. Nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto. Pini hizi zimechukua jina la Radio Corporation of America, iliyozitumia kwenye redio zake tangu miaka ya 1930, na bado zinaingia kwenye amplifaya ya leo bila tatizo. Nyuma ya amplifaya utakuta matundu yenye maandishi AUX, CD, TUNER, TAPE na PHONO. AUX na CD ndiyo ya kutumia. TUNER inafaa vilevile kama husikilizi redio hapo. Kwenye TAPE kuwa makini, kwa maana kuna jozi mbili: PLAY au IN inapokea sauti, REC au OUT inatoa, na mwenye kuchomeka kwenye ya kutoa atakesha akitafuta ubovu usiokuwepo.

PHONO iache kabisa. Tundu hilo ni la mashine ya santuri, na sindano ya santuri hutoa umeme mdogo mno, karibu milivolti tano. Kwa hiyo nyuma ya tundu hilo kuna saketi inayokuza sauti mara mia moja hivi, na kuongeza besi nyingi huku ikipunguza sauti nyembamba, kwa sababu santuri hukatwa kwa kanuni iliyo kinyume cha hapo. Kigeuzi chenye RCA kwa kawaida hutoa volti mbili, yaani mara mia nne ya kile tundu la PHONO linachokitegemea. Utasikia muziki uliopasuka, umejaa besi ya matope, na utadhani spika zimekufa. Ukiendelea kupandisha sauti, zitakufa kweli.

Wenye vyombo vya Kijerumani au vya Philips vya zamani watakuta tundu la duara lenye pini tano badala ya RCA. Kiunganishi chake bado kinauzwa, na fundi yeyote wa redio anaweza kukitengeneza. Kwenye sabufa zenye matundu mengi ya spika tano, tumia jozi iliyoandikwa AUX au DVD, kisha bonyeza kwenye rimoti hadi sauti itoke. Na kama amplifaya imetoka Japani au Marekani ikiwa mtumba, angalia nyuma yake kabla ya kuichomeka ukutani: nyingine ni za volti 100 au 120, na umeme wetu wa 230 au 240 utaichoma mara moja. Nyingi zilizoingia kupitia Ghuba zina swichi ya kuchagua volti. Isogeze mahali pake kwanza.

Washa kompyuta na kigeuzi kwanza, amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya iwe ya kwanza. Ukifuata mpangilio huo spika hazitapigwa na ule mshindo unaotoka vifaa vinapoamka. Kiwango cha sauti kwenye kompyuta kiweke juu kabisa, kisha tumia swichi ya amplifaya kupandisha na kushusha. Isipokuwa amplifaya za miaka ya 1970: AUX zake nyingi zilitengenezwa kupokea chini ya robo volti, kwa hiyo volti mbili huzifanya zipige kelele swichi ikiwa imegeuzwa kidogo tu. Hapo shusha sauti kwenye kompyuta hadi upate nafasi ya kutosha ya kuzungusha. Pia zima milio yote ya taarifa kwenye kompyuta. Kengele ya barua pepe ikipita kwenye spika za wati hamsini usiku wa manane, itaamsha nyumba nzima.

Baada ya hapo ndipo wengi hukutana na mvumo. Ni sauti nzito, isiyobadilika, inayokuwepo hata muziki ukisimama, na watu wengi huitafuta mahali pasipo. Mzee mmoja mstaafu, mpenzi mkubwa wa taarabu, alipeleka amplifaya yake kwa fundi kwa sababu ilikuwa inavuma. Dukani ikawa kimya kabisa. Akairudisha nyumbani, ikavuma. Akaipeleka tena, ikanyamaza. Mwishowe fundi, kijana wa makamo ya wajukuu zake, akamfuata nyumbani.

"Mzee, naomba uchomoe chaja ya laptop."

"Si itazima, mwanangu?"

"Haizimi, ina betri."

Mzee akachomoa, na mvumo ukakatika papo hapo. Fundi akairudisha chaja, ukarudi. Kisha akaenda nyuma ya kabati, akachomoa waya uliokuwa ukitoka kwenye king'amuzi cha televisheni kuja kwenye amplifaya. Kimya tena, safari hii chaja ikiwa mahali pake.

Alichokuwa anakionyesha ni mzunguko wa ethi. Chaja ya laptop yenye pini tatu imefungwa kwenye ethi ya nyumba. King'amuzi nacho, kupitia waya wa dishi, kimegusa ardhi kwenye nguzo ya chuma juu ya paa. Vyote viwili vilikutana kwenye amplifaya kupitia waya za RCA, na kati ya ardhi hizo mbili kulikuwa na tofauti ndogo ya umeme, ambayo ilipita katika waya ule ule unaobeba muziki. Umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na hiyo ndiyo sauti iliyosikika. Dukani kwa fundi hapakuwa na laptop wala dishi, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuvuma.

Dawa ya kwanza ni kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja, ambayo mara nyingi inapunguza tatizo. Isipotosha, kuna kijiboksi cha kutenganisha chenye transfoma ndogo mbili ndani, kinachokaa katikati ya waya wa RCA na kupitisha sauti bila kuunganisha ethi. Ni cha bei rahisi na kinafanya kazi. Dawa isiyokubalika hata kidogo ni kuvunja au kukata pini ya ethi ya chaja au ya amplifaya. Mvumo utaondoka, lakini siku waya wa moto utakapogusa bati la kifaa, ethi haitakuwepo kuupokea, na atakayeupokea ni mtu. Fundi anayekushauri hivyo mwambie hapana.

Njia safi kuliko zote ni waya wa mwanga. Toshiba iliutoa mwaka 1983, na unapitisha namba kwa taa nyekundu ndani ya uzi wa plastiki. Kwa kuwa hakuna umeme unaopita, mvumo hauna njia. Kompyuta nyingi hazina tundu lake, lakini televisheni nyingi zinalo, na kijiboksi cha kugeuza mwanga kuwa RCA ni rahisi kukipata. Jambo moja la kukumbuka ni kwamba vijiboksi hivyo vya bei nafuu vinaelewa PCM tu, yaani namba za sauti zisizobanwa. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni, uchague PCM. Ukiacha Dolby, utapata kimya au mlio wa kukwaruza.

Mipangilio ya kompyuta si migumu. Chagua kigeuzi kama kifaa cha kutolea sauti, maana vinginevyo muziki utaendelea kutoka kwenye vispika vya ndani. Windows huchanganya sauti zote na kuzipeleka kwa kasi moja. Kama muziki wako mwingi umetoka kwenye CD, weka kasi hiyo iwe 44,100 ili isiugeuze bila sababu. Wanaotaka wimbo upite bila kuguswa watumie programu ya kuchezesha muziki kama foobar2000, inayoweza kumiliki kigeuzi peke yake. Windows 10 ilipata uwezo wa kutambua vigeuzi vya kasi kubwa bila programu ya ziada kwenye toleo la mwaka 2017. Kabla ya hapo ilibidi usakinishe ya mtengenezaji. Kwenye Linux na Mac, kwa kawaida unachomeka tu.

Kuhusu namba kubwa zinazopamba maboksi, 192, 384, hata 768, zote zikiwa elfu kwa sekunde, sizioni kuwa sababu ya kulipa zaidi. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi mitetemo 20,000 kwa sekunde, na kanuni iliyojulikana tangu kazi za Harry Nyquist na Claude Shannon inasema kipimo kinatakiwa kuzidi mara mbili ya hapo. Vipimo 44,100 vya CD tayari vimevuka. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David R. Moran wa Boston walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wasikilizaji walisikia rekodi za kiwango cha juu, mara zikija moja kwa moja, mara zikipitishwa kwanza kwenye kiwango cha CD, bila kujua ipi ni ipi. Kwa sauti ya kawaida ya usikilizaji, hawakuweza kuzitofautisha. Na muziki wetu mwingi tunaoupenda haukurekodiwa kwa uwezo hata wa kukaribia hapo. Rekodi alizofanya Siti binti Saad Bombay mwaka 1928 zina thamani isiyopimika, lakini hakuna kigeuzi kitakachozipa sauti nyembamba ambazo mashine za siku zile hazikuzinasa.

Kinachoharibu muziki kweli ni faili. Wimbo ulioshushwa kama mp3 ya kilobiti 128, au uliochomolewa kwenye video na kubanwa tena, umeshapoteza sehemu kubwa ya habari zake: matoazi yanasikika kama maji yanayochemka, vinanda vinayeyuka nyuma ya mwimbaji. Kwenye vispika vya laptop hutagundua. Kwenye spika nzuri utagundua ndani ya sekunde chache, na wengi hapo hulaumu kigeuzi. CD zako zitoe upya kwa FLAC, mfumo alioutoa Josh Coalson mwaka 2001, ambao hupunguza ukubwa wa faili karibu kwa nusu bila kupoteza biti hata moja. Fedha iliyobaki iende kwenye spika, na kabla ya hapo zivute zilizopo kutoka ukutani na kwenye kona, zielekee unapokaa, spika ndogo ya juu ifike usawa wa masikio. Hiyo ni bure, na inabadilisha sauti kuliko tofauti ya kigeuzi cha shilingi elfu hamsini na cha milioni moja.

Ukienda kununua, ningependa ufikirie kifaa cha aina ya UCA202 ya Behringer. Ni cha zamani, kinaishia biti 16 na vipimo 48,000, na kwenye karatasi hakivutii. Lakini zaidi ya matundu ya kutoa sauti, kina ya kuingiza. Chomeka deki ya kaseti hapo, fungua programu ya bure kama Audacity, na kanda inaingia kwenye kompyuta. Taarabu nyingi za harusi, mawaidha, maonyesho ya dansi yaliyorekodiwa ukumbini, sauti za wazazi waliotumiana kanda kati ya Unguja na Muscat, vipo kwenye kaseti moja tu duniani, na kaseti hiyo iko kwenye droo yenye joto na unyevu. Sumaku yake inafifia na utepe unanata. Safisha vichwa vya deki kwa spiriti, weka kiwango cha kurekodi kisiguse nyekundu, hifadhi kwa FLAC, andika majina na mwaka kama yanajulikana, na umpe ndugu nakala. Anza na ile ambayo huwezi kuipata kwa mtu mwingine yeyote, na uianze wiki hii.